Ruzuku ya sola ilivyoyaruka mabati ya Kakonko

Kwa miaka mingi TANESCO ilikuwa na kila sababu ya kununua umeme wa jua mkoani Kigoma kuliko karibu kokote kwingine nchini. Miji ya Kigoma, Kasulu na Kibondo iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, mafuta yakisafiri zaidi ya kilometa elfu moja kutoka pwani, kisha uniti iliyopatikana kwa gharama hiyo ikauzwa kwa bei ileile anayolipa mteja wa Morogoro. Katika hali hiyo mtu angetegemea kuona mabati ya nyanda za juu, kuanzia Kasulu hadi Kakonko (ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo), yamejaa paneli zinazoliuzia shirika umeme. Hayakujaa. Sola ilikuja, tena kwa wingi, ila kwa mlango mwingine, na huo mlango ndio unaoeleza kwa nini historia yake huku inakwenda kwa mikupuo. Fedha za umma hazikukosekana. Zililipa ufungaji, na pale zilipolipa umeme wenyewe, zilimwacha nje mwenye paa dogo.

Hilo la paa dogo ndilo linalouma zaidi. Kuanzia 2008 Tanzania ilikuwa na utaratibu wa wazalishaji wadogo wa umeme, wenye mkataba na bei zilizojulikana mapema. Bei hizo zilizingatia gharama ambayo TANESCO ingeiepuka, kwa hiyo palipotumika dizeli zilikuwa juu sana: mwaka 2012 uniti iliyoingia kwenye gridi ya Taifa ililipwa shilingi 152.54, na iliyoingia kwenye mitandao iliyojitenga kama ya Kigoma shilingi 480.50. Zaidi ya mara tatu! Lakini “mdogo” wa kanuni zile alianzia kilowati 100 na kuishia megawati 10. Kampuni ya NextGen Solawazi iliweza kusaini mkataba wa megawati 5 kwa Kigoma mwaka 2013. Mwenye mashine ya kusaga Kibondo, au shule yenye paneli za kilowati mbili tatu, hakuwa na mahali pa kubisha hodi.

Ule mlango mwingine ulifunguliwa na Marekani. Mkataba wa Changamoto za Milenia, uliosainiwa Februari 2008 na kugharimu dola milioni 698 kwa nchi nzima, ulikusudia kuipa Kigoma umeme wa maporomoko ya Igamba katika Mto Malagarasi. Uchunguzi wa mazingira ukaonyesha kuwa viumbe adimu wa mto huo wangekuwa hatarini, mpango ukawekwa kando, na sola ikachukua nafasi yake: shule za sekondari 45, vituo vya afya 10, zahanati 120, pamoja na biashara katika masoko ya vijiji 25. Nasema bila kusita kwamba lilikuwa jambo jema. Mama anayejifungua usiku hahitaji kuelezwa sera. Hata hivyo mkataba ulikuwa wa miaka mitano na ulifungwa Septemba 2013. Paneli huishi miaka 20 na zaidi, wakati betri za asidi za siku zile zilichoka kwa kawaida ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Yaani bili ya kwanza kubwa ilipangiwa kufika baada ya mfadhili kuondoka, mezani kwa halmashauri yenye madai mengine lukuki.

Kwingine walilifikiria hilo. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 2000, ililipa kila uniti kwa miaka 20, hivyo mwenye paneli mbovu hakupata kitu. California, katika mpango ulioanza 2007, iliwapa wenye mitambo midogo mkupuo mmoja uliokadiriwa kwa umeme uliotarajiwa, na wenye mitambo mikubwa ikawalipa kwa miaka mitano kulingana na kilichosomwa kwenye mita. Huo ulikuwa ulimwengu wa nyaya kila nyumba, atasema msomaji. Zahanati ya Kakonko isiyo na nguzo ingemuuzia nani? Pingamizi ni la haki, ila halifiki mbali. Si lazima umeme uuzwe ili upimwe. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ungeweza kumlipa mkandarasi kwa awamu, kadiri taa na friji ya chanjo zinavyoendelea kufanya kazi, na mpango wake wa sola mkoani Rukwa ulikwisha kuunganisha ufungaji na matengenezo katika mkataba mmoja.

Kwa miji yenye mitandao ya dizeli, pingamizi zito zaidi ni la jua lenyewe: mahitaji hupanda jioni, paneli zimeshalala. Kweli, majenereta yasingezimwa. Lakini lita isiyochomwa saa nane mchana ni akiba sawa na ya saa mbili usiku, na mchana ndipo mashine za kusaga na ofisi hufanya kazi.

Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua umeme wa gridi ya Taifa Kigoma, na dizeli iliyoipa sola thamani yake ikaondoka. Kanuni zinazomruhusu mteja mdogo kuingiza ziada yake kwenye mtandao na kuhesabiwa zilikuwa zimetoka 2018 tu, miaka kumi baada ya za wakubwa. Sasa anayetumia uniti chache kijijini hulipa takriban shilingi 100 kwa uniti, na kwa bei hiyo hakuna hesabu itakayomshawishi kununua paneli kwa ajili ya gridi. Waliobaki na sababu ni wenye mashine, nyumba za wageni na karakana za Kasulu na Kibondo, ambao bei yao ni karibu mara tatu ya hiyo. Kwao kanuni za 2018 zinafaa kutangazwa kwa bidii ileile inayotangaza nguzo mpya.