Mwanachuo na Masomo Yasiyo ya Kazi Yake

Hapa kwetu Tarime na Serengeti, baba auzapo ng'ombe ili mwanawe aende chuo kikuu, ajua sana anachokitafuta. Atumaini kumpata daktari, au mwanasheria, au mhandisi. Basi kijana arudipo likizo na kusema ya kuwa amelazimishwa kusoma pia habari za maendeleo ya nchi, mzazi hushangaa, akatuuliza sisi walimu: "Je, hili nalo lina faida gani? Ng'ombe wangu sikumwuza ili kununua hadithi." Swali hilo ni la haki. Twapenda kulijibu kwa kueleza jinsi desturi hiyo ilivyoanza, maana sehemu moja ya habari hii ilitendeka Musoma, karibu na milango yetu.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961 katika nyumba ya chama cha TANU, nacho kilikuwa na wanafunzi wachache wa sheria tu. Shahada zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London, na mwenendo wake ulikuwa wa Uingereza, yaani mwanafunzi hushika somo lake na kulichimba mpaka chini, wala hasumbuliwi sana na jingine.

Lakini desturi ya Uskoti ilikuwa tofauti, na mwana wa mkoa wetu aliionja. Julius Nyerere wa Butiama, aliyesoma Mwisenge, kisha Tabora na Makerere, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, akakaa huko mpaka 1952. Hakusoma somo moja tu. Alisoma uchumi, historia, fasihi ya Kiingereza, sheria za katiba, elimu ya jamii za watu, na falsafa ya maadili. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kazi ya kumpatia mtu mshahara kesho yake. Walakini mtu aitwaye kuongoza nchi ayahitaji yote.

Mwaka 1964, akiwa Rais, alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa. Wenzake wamempa chakula chote kilichosalia, apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea kingine. Akila asirudi, amewasaliti. Mfano huo hauhitaji kufasiriwa kwa mtu aliyeuza ng'ombe wake.

Haikupita miaka mingi, jambo hilo likajaribiwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu, wakipinga sharti la kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mishahara. Rais aliwarudisha makwao wanafunzi 393, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Wengi walikubaliwa tena baadaye, lakini swali lilibaki: chuo kimewafundisha sheria na sayansi, je, ni nani amewafundisha habari za watu waliowasomesha?

Mwaka uliofuata, 1967, yalitoka Azimio la Arusha na andiko la Elimu ya Kujitegemea. Baada ya hayo chuoni likaanzishwa somo la pamoja, ili mwanafunzi aijue jamii yake na nchi yake. Tarehe 1 Julai 1970 chuo kikawa chuo kikuu kamili cha taifa, na mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Ndipo somo hilo likawa la lazima hata kwa wanafunzi wa udaktari na uhandisi.

Kisha, mwezi wa Novemba 1974, wakuu wa TANU walikutana Musoma, wakatoa Azimio la Musoma. Pamoja na mambo mengine waliagiza ya kuwa kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shule, ila kwanza afanye kazi na kushuhudiwa vema na wenzake. Nia ilikuwa njema, lakini mzigo haukuwa sawa kwa wote. Wasichana walioingia chuoni walipungua, hata mwaka 1976 wakaondolewa sharti hilo. Katika miaka ya 1980 lililegezwa zaidi, na leo halipo tena. Somo la maendeleo, hata hivyo, lingali likifundishwa katika vyuo vikuu vingi vya nchi yetu.

Hatusemi ya kuwa somo hilo halina kasoro. Zamani za chama kimoja lilielekea kufundisha fikira moja tu. Na hata leo wako wanaolisoma ili wapate kufaulu mtihani, kisha wakalisahau. Lakini kasoro ya mpini si sababu ya kulitupa jembe. Mhandisi ajaye Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu, na ajue miamba. Lakini asipojua ardhi ni nini kwa Mkurya, atachimba dhahabu na ugomvi pamoja. Daktari ajaye Mugumu na ajue dawa. Lakini asipojua kwa nini mama mjamzito amechelewa kufika, dawa yake itabaki chupani.

Basi, enyi wazazi, mwana wenu arudipo likizo msimwulize alama tu. Mwulizeni amejifunza nini juu yetu sisi tuliomtuma. Asiponjibu baba yake, msilaumu somo kwanza, bali mketishe, mkamweleze ninyi wenyewe. Maana kisa cha ng'ombe aliyeuzwa nacho ni sehemu ya habari za maendeleo ya nchi, na hakuna mwalimu wa Dar es Salaam aijuaye kuliko ninyi.