Chemirocha: Fanani wa Kipsigis na Suala la Utunzi

Mnamo mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis iliyo kusini-magharibi mwa Nakuru, akanasa nyimbo tatu zenye anwani moja: Chemirocha. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyovuma, iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, wakisindikizwa na kinubi kiitwacho chepkong.

Jina Chemirocha latokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye sauti yake ilifika Bonde la Ufa kwa njia ya santuri. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimwazia kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Maelezo hayo yamerudiwa mno hata yakakaribia kuchukua nafasi ya wimbo wenyewe. Hatari yake ni dhahiri: fanani huonekana mshamba aliyeduwazwa na gramafoni, wala si msanii.

Ushahidi wa lugha unaelekeza kwingine. Kikalenjin hakitofautishi maana kwa sauti j na ch. Kwa hiyo jina la kigeni lilipata umbo la kienyeji. Aidha, mwanzo wake, Che-, ndio mwanzo wa majina mengi ya wanawake: Chebet, Chelagat, Chemutai, na hata Chemutoi. Mwanamume wa ng'ambo alipewa jina linalolandana na ya waimbaji wake. Kiumbe nusu mtu, nusu mnyama naye si mgeni katika ngano za Afrika Mashariki. Basi kilichofanyika ni utunzi: ugeni uliingizwa katika fani iliyokwisha kuzoeleka.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ambayo baadaye ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Nakala za nyimbo hizo zilirejeshwa Kapkatet mwaka 2014, miaka 64 baada ya kunaswa.

Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipodai mwaka 1968 kwamba fasihi simulizi ipewe nafasi yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi, walifungua pia suala la umilikaji. Wimbo simulizi hutungwa tena kila uimbwapo. Hivyo anayeuongoza hawezi kuhesabiwa kuwa mpitishaji tu. Kurejesha sauti ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni ya mhakiki: kumsoma Chemutoi Ketienya kama msanii, na maelezo ya Tracey kama maoni ya msikilizaji mmoja.