Demani: kamba ya tanga na historia yake kwenye Ziwa Tanganyika

Wengi wetu tumevuka ziwa hili usiku, watoto mgongoni na mizigo miguuni, bila kuuliza chombo kinaongozwa namna gani. Leo tuzungumzie kamba moja tu, kwa sababu kamba hiyo imeokoa watu na imezamisha watu.

Mabaharia wa pwani wanaiita demani. Ni kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Ukiivuta, tanga linakaza na kushika upepo. Ukiiachia, upepo unapita na chombo kinatulia.

Mababu zetu walivuka kwa mitumbwi ya gogo na makafi. Katika karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Unguja na pwani walifika Ujiji, na ufundi wa tanga la pembe tatu ukafika pamoja nao. Chombo cha namna hiyo kilikuwa na thamani kubwa. Mwezi wa tatu mwaka 1858, Mwingereza Speke alivuka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, upande wetu wa magharibi, ili akodi jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Alirudi bila jahazi. Mwezi uliofuata, yeye na mwenzake Burton walifika Uvira kwa mitumbwi miwili.

Tusifiche upande mwingine. Pembe za ndovu na watu waliotekwa Manyema walivushwa ziwa hili kupelekwa Ujiji. Kila kilichorahisisha safari kilirahisisha pia biashara ya watu.

Ufundi wa baharini haukutosha peke yake hapa kwetu. Baharini, kaskazi na kusi huvuma miezi kadhaa kila moja, na demani inaweza kukaa imefungwa muda mrefu. Kwenye ziwa letu, mchana upepo unatoka majini kwenda nchi kavu. Usiku unashuka kutoka milimani. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, kusi inaongeza mawimbi. Upepo unaweza kugeuka kabla hujamaliza kufunga fundo. Ndiyo maana hapa demani lazima iwe tayari kuachiwa wakati wowote.

Mwaka 1878, Edward Hore, baharia aliyetumwa na London Missionary Society, alifika Ujiji. Alichukua mtumbwi wa gogo, akautengeneza uwe chombo cha tanga, akauita Calabash, na akautumia kupima ziwa. Mwaka 1883 akashusha majini Morning Star, mashua ya chuma iliyoletwa vipande vipande kutoka pwani.

Mpangilio wa demani una njia mbili. Ya kwanza ni kamba moja kutoka kwenye tanga hadi mkononi mwa mwenye chombo. Ni nyepesi na inaachia haraka, lakini tanga kubwa litamshinda mtu. Ya pili ni kufunga kapi kwenye pembe ya tanga: ncha moja ya kamba inafungwa nyuma ya chombo, ncha nyingine inapita kwenye kapi na kurudi mkononi. Hapo nguvu ya kuvuta inapungua karibu nusu. Lakini utavuta kamba mara mbili zaidi, na kamba hiyo ndefu inalala chini, katikati ya watu na mizigo.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Mtu akikalia kamba, au gunia likiwekwa juu yake, haitateleza upepo utakapopiga ghafla. Tanga litabaki limekaza na chombo kitalala ubavu. Na anayechoka akaifunga kwa fundo gumu amejinyima nafasi ya kuiachia.

Siku hizi mota zimechukua nafasi ya matanga, ila mafuta yakiisha katikati ya ziwa, watu wanasimamisha mti na turubai. Siku hiyo, ndugu zangu, kumbukeni mambo matatu. Demani ikae mkononi, au ifungwe kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kamba isikaliwe na mtu wala kulaliwa na mzigo. Na watoto wakae mbali nayo. Kabla ya kupanda, muulizeni mwenye chombo: kamba ya tanga inapita wapi?