Mapafu Kutoka Brevig Mission

Novemba 1918 homa ya mafua iliingia Brevig Mission, kijiji cha Wainupiati kwenye pwani ya Alaska. Kwa siku tano tu iliua watu wazima 72 kati ya 80. Walizikwa katika kaburi moja, kwenye ardhi iliyoganda mwaka mzima.

Mafua ya kila mwaka huwaandama zaidi wachanga na wazee. Yale ya 1918, yanayokadiriwa kuua watu milioni 50 duniani, yaliwafyeka pia vijana wa miaka 20 hadi 40 waliokuwa na afya njema. Fumbo hilo liliwasumbua madaktari kwa miongo mingi.

Mwaka 1951 Johan Hultin, mwanafunzi kutoka Sweden, aliomba ruhusa ya wazee wa kijiji akafukua kaburi lile kutafuta virusi vya homa hiyo. Virusi havikuota katika maabara. Alirudi 1997 akiwa na miaka 72, akaomba tena, akaruhusiwa tena. Safari hii alipata mapafu ya mwanamke mnene, ambayo mafuta ya mwili yalikuwa yameyakinga yasioze. Aliyapeleka kwa Jeffery Taubenberger, mtafiti wa jeni za virusi hivyo, na kufikia 2005 jeni zote zilikuwa zimesomwa na virusi vyenyewe kuundwa upya katika maabara ya Atlanta yenye ulinzi mkali.

Miaka miwili baadaye, watafiti nchini Kanada waliwaambukiza kima virusi hivyo. Kinga ya wanyama hao ilifumka bila kiasi. Saitokini, kemikali zinazoita seli nyeupe za damu kwenye mapambano, zilimwagika kwa wingi na hazikutulia. Mishipa midogo ikavuja, mapafu yakajaa majimaji na damu. Bakteria nao waliua wengi mwaka 1918, lakini sasa ilidhihirika kwamba mwili wenyewe ulichangia maangamizi.

Ujuzi huo, kwamba kinga iliyopita kiasi inaweza kuua, ulikuwa na thamani kubwa UVIKO-19 ilipozuka. Juni 2020, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Wale wasiohitaji oksijeni haikuwafaa: kwao kinga ilikuwa bado inapambana na virusi, na kuituliza mapema hakukuwa na faida yoyote.