Waliokuja Mikono Mitupu: Historia ya Wageni wa Butembo na Beni

Tunakumbuka mapadri, wakatekista na wajengaji wa nyumba za misioni. Inafaa kukumbuka pia wale waliojaza nyumba hizo. Wengi kati yetu ni watoto au wajukuu wa watu waliotoka pengine. Walifika hapa wakitumaini kwamba maisha ya watoto wao yatapita maisha yao.

Wazee wa Wanande walijua safari tangu zamani: chumvi ya Katwe ilivuka ziwa na kupanda milima yetu mbele Wazungu hawajafika. Lakini kuhama kwa kutafuta maisha mapya kulipata nguvu wakati wa Wabelgiji. Katika milima ya Lubero watu walizidi na mashamba yakapungua. Udongo ulikuwa mikononi mwa machifu, na mkulima aliwaletea muhako, maana yake malipo ya shamba. Kijana mwenye kaka wengi aliona wazi kwamba atarithi jembe, lakini hatapata pahali pa kulima.

Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ya Minière des Grands Lacs, MGL, ilijenga kambi yake Butembo kwa ajili ya dhahabu. Makao ya Leta yalikuwa Beni na Lubero. Butembo ilianza kama pahali pa kazi na mshahara. Wengine walipelekwa kazini kwa amri, bila kuulizwa. Wengine walikuja kwa mapenzi yao. Mshahara ulikuwa mdogo sana, lakini mtu aliushika kwa mkono wake mwenyewe. Aliweza kulipa kodi, kununua nguo, na kuoa bila kungoja mbuzi wa baba yake.

Mlango wa pili ulikuwa masomo. Mapadri Waasomsionisti walifika Kongo mwaka 1929. Mwaka 1938 Beni ikawa Vikariati, chini ya Mgr Henri Piérard. Mwaka 1959 ikawa Jimbo, ambalo tangu 1967 linaitwa Butembo-Beni. Katika masomo ya misioni mtoto wa mpagazi alijifunza kusoma na kuhesabu, akatoka mwalimu, karani, mganga msaidizi, ao padri. Mwaka 1966 mwana wa nchi hii, Emmanuel Kataliko, aliwekwa Askofu. Ni yeye aliyeanzisha Université catholique du Graben mjini Butembo mwaka 1989, kusudi kijana apate masomo makubwa karibu na jamaa yake.

Mlango wa tatu ulikuwa biashara, na ndiyo iliyotangaza jina la Butembo mbali. Desturi yake ilikuwa hivi. Mgeni alilala kwa ndugu. Alianza na chumvi, sabuni na petroli juu ya meza ndogo. Kisha alinunua kinga, akazunguka masoko ya migini. Kisha alilipa nafasi katika kamio ya mtu mwingine, akapeleka maharagwe, viazi na mboga hata Kisangani, safari ya kilometa zaidi ya 700. Akina mama wengi walishika njia hiyo pia, wakajulikana sokoni kwa akili yao. Mtu akipata faida, hakuila yote. Aliita mdogo wake kutoka mlimani, naye akaanzia pale pale mezani.

Mwaka 1973 Rais Mobutu alitwaa maduka na mashamba ya wageni wa nje, akayagawa. Sehemu kubwa iliangukia wakubwa wa serikali na wa chama, na maduka mengi yakafa upesi. Wafanyabiashara wetu wengi walipanda bila fungu hilo. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, bei ikapaa duniani, na kahawa yetu ikavuka mpaka wa Kasindi, mara nyingi bila karatasi. Baadaye wana wa wale wenye kinga walifika Dubai, hata Guangzhou, mizigo yao ikapitia bandari ya Mombasa.

Lakini historia ya kweli haisifu tu. Wengi walikuja na tumaini lile lile, wakafa maskini kama walivyokuja. Tena, mlima ulipojaa, watu wetu walishuka kulima porini, upande wa Mbau, Oicha na Bapere. Pori lile halikuwa tupu. Wambuba, Wapakombe na Wambuti walikuwa wenyeji wake. Pahali ambapo mhamiaji aliona mlango unafunguka, mara nyingine mwenyeji aliona shamba la babu yake linakwisha. Tusiposema neno hili, tumehesabu faida bila kuhesabu deni.

Tangu Oktoba 2014 mauaji makali yamepiga wakaaji wa upande wa Beni. Maelfu walikimbia mashamba yao, na wengi wakaingia Beni na Butembo bila kitu, kama babu zetu. Tofauti ni kubwa: babu zetu walifuata kazi, hawa wamefukuzwa na panga. Hawakuchagua safari. Hata hivyo nao wana watoto wanaotaka kusoma, na mikono inayojua kulima.

Wazee wa Kiswahili walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kusikia neno hili kama karipio kwa mgeni mvivu. Lakini lina amri kwa mwenyeji pia: jembe hilo sharti litolewe. Babu zetu walipewa pahali pa kulala, meza ndogo, deni la kuaminiana, na kiti katika masomo. Bila vitu hivyo, bidii yao ingaliwaacha njiani. Basi kila jamaa ijiulize imempa nani jembe.