Kinachofufuka Ni Kanuni

Oktoba 1978 kituo cha NBC cha Marekani kilikirudisha hewani kipindi cha chemshabongo cha Jeopardy!, ambacho kilikuwa kimeanza Machi 1964 na kufungwa Januari 1975. Mtangazaji alikuwa yuleyule, Art Fleming, na mshiriki aliendelea kupewa jibu ili yeye atoe swali. Kilichobadilishwa ni utaratibu wa mashindano. Mwenye alama chache alitolewa mwisho wa duru ya kwanza, na lile swali la mwisho ambalo kila mshiriki huliwekea dau likafutwa. Kipindi kilidumu miezi mitano tu. Mwaka 1984 kikarudi tena, mara hii kikiongozwa na Alex Trebek, na lile dau la mwisho likarejeshwa mahali pake. Trebek alikiongoza hadi alipofariki Novemba 2020, na mpaka leo kipo hewani. Majaribio hayo mawili yalitofautiana kwa miaka sita tu: la kwanza lilihifadhi sura likaichezea kanuni, la pili likabadili sura na kuitunza kanuni. Hoja yangu ni kwamba historia nzima ya kufufua michezo ya televisheni inaelekea upande huo wa pili, ingawa watazamaji wanaoigundua upya leo huomba ule wa kwanza.

Si ajabu waombe hivyo, maana wanachokiona ni sura. Tangu kituo cha Game Show Network kilipoanza kurusha marudio Desemba 1994, na Buzzr mwaka 2015, achilia mbali kanda zilizomiminwa kwenye intaneti, kijana aliyezaliwa juzi anaweza kukaa usiku kucha akitazama vipindi vya miaka ya 1970: suti za kola pana, mapambo ya rangi ya machungwa, vicheko vya wageni mashuhuri waliokwisha kufa. Lakini kilichobaki kwenye kanda hizo ni masalia ya uteuzi ambao hakuna aliyeukusudia. Kanda ya video ilipoingia vituoni mwaka 1956 ilikuwa ghali, na uzuri wake kwa mhasibu ni kwamba iliweza kufutwa na kurekodiwa tena. Michezo ya mchana ilionekana haina thamani baada ya kurushwa, ikafutwa kwa mamia. Sehemu kubwa ya Jeopardy! ya Fleming imepotea hivyo. What's My Line?, kilichoanza mwaka 1950, kimesalia kwa wingi kwa sababu kampuni ya Goodson na Todman iligundua kuwa filamu zake zinatupwa, ikakubali kulipia zitunzwe. Kwa hiyo tunapoorodhesha michezo bora ya zamani, kwa kiasi kikubwa tunaorodhesha ile iliyopata mwenye rafu na fedha ya kuilipia.

Sasa yatazame maufufuo yaliyofanikiwa kupita asili zake, uone jinsi asili hizo zilivyokuwa zimesahaulika au kupotea. The Price Is Right ya 1956, ya Bill Cullen, ilikuwa mnada: washiriki wanne waliketi wakipandishiana bei. Ilipofufuliwa Septemba 1972 chini ya Bob Barker, washiriki waliitwa kutoka katikati ya hadhira, vikaongezwa vijimchezo vya kila namna vya kukisia bei, na jukwaa likawa na vurugu za sokoni. Kilichobaki kilikuwa ni sharti moja: ukaribie bei halisi bila kuizidi. Barker alikaa hadi 2007, akampisha Drew Carey. Match Game ya 1962 ilikuwa ya heshima na, kusema kweli, ya kuchosha kidogo. Timu mbili za watu watatu zilijaribu kuandika majibu yanayofanana. Ile ya 1973 iliweka wageni mashuhuri sita na maswali yenye mafumbo ya utani, ikawa miongoni mwa vipindi vya mchana vilivyopendwa kuliko vyote muongo ule. Hata Press Your Luck ya 1983, ambayo wengi huidhani kuwa ya asili, ilikuwa ni ufufuo wa Second Chance ya 1977, kipindi ambacho kanda zake chache tu zimesalia. Watayarishaji hawa hawakuwa na hadhira iliyoshika kanda mkononi ikiwasuta. Walichukua kanuni wakajenga upya kila kitu kilichoizunguka.

Kuna pingamizi ambazo haifai kuzikwepa. Ya kwanza ni kwamba Match Game ya 1973 iliongozwa na Gene Rayburn, mtu yuleyule wa 1962. Ni kweli, na ndiyo sababu mfano huo una nguvu: sura ileile, juu ya kipindi kilichogeuzwa kabisa, ilizaa mtangazaji ambaye ni kama hakuwahi kuonekana kabla. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Family Feud, iliyozaliwa mwaka 1976 kutokana na Match Game, ilikuwa imechakaa hadi alipokuja Steve Harvey mwaka 2010 ikapaa, hata ikafikia kutengenezewa matoleo ya Afrika Kusini na Ghana. Je, huyo si sura? Ni sura, na sikatai kwamba mtangazaji anaweza kukiua au kukiponya kipindi. Lakini Harvey hakumwigiza Richard Dawson, mtangazaji wa kwanza aliyekuwa akiwabusu washiriki. Aliikuta kanuni ya kukisia majibu ya watu mia moja, iliyokuwa imevumilia watangazaji kadhaa kabla yake, akaichezea kwa namna yake. Sura inayofaa ni mpya. Ya zamani huja na mzigo wa kulinganishwa.

Wapo pia watakaosema kwamba mjadala huu wote ni wa fedha: vituo hufufua michezo kwa kuwa ni rahisi kuitengeneza kuliko tamthilia na majina yake yamekwisha kujulikana. Sawa, hiyo inaeleza kwa nini hujaribu, lakini haielezi kwa nini baadhi hufaulu na mingine huanguka. Mwenye shaka na akitazame Twenty-One. Kilipoanza Septemba 1956 bila udanganyifu kilidorora vibaya. Maswali yalikuwa magumu mno, washiriki wakawa wanakosa kila mara, na mdhamini akaja juu. Ndipo watayarishaji walipoanza kuwapa washiriki majibu. Herbert Stempel aliamriwa kukosa swali la filamu iliyotwaa tuzo ya Oscar ya 1955, ilhali alilijua jibu, ili ampishe Charles Van Doren, kijana wa chuo kikuu mwenye mvuto. Van Doren aliungama mbele ya Bunge la Marekani Novemba 1959, na mwaka 1960 sheria ikapiga marufuku udanganyifu wa namna hiyo. Kashfa hiyo husimuliwa kama habari ya tamaa tu. Mimi naiona pia kama ushahidi wa kanuni mbovu: mchezo uliohitaji kuibiwa ili upendeze haukuwa na cha kurithisha. NBC ilipoufufua Januari 2000, ikitaka kufaidi joto la kipindi cha Who Wants to Be a Millionaire, ililazimika kuweka maswali ya kuchagua jibu, na hata hivyo kipindi kiliondolewa mwaka uleule.

Linganisha na College Bowl, kilichoanza redioni mwaka 1953: swali la wazi, anayewahi kubonyeza kengele akijibu sawasawa anaifungulia timu yake maswali ya ziada. Waingereza waliichukua kanuni hiyo mwaka 1962 wakaiita University Challenge. Ilifungwa 1987, ikafufuliwa na BBC mwaka 1994 kwa mtangazaji mwingine, Jeremy Paxman, na bado inaendelea chini ya Amol Rajan. Afrika Mashariki tuliionja mwaka 2007 katika Celtel Africa Challenge, kisha Zain Africa Challenge baada ya kampuni mdhamini kubadili jina, ambapo timu za vyuo vikuu vya Kenya, Tanzania na Uganda, na baadaye vya nchi nyingine, zilishindana mbele ya John Sibi-Okumu. Hapakuwa na mavazi ya kuigwa wala jukwaa la kunakiliwa kutoka Marekani, na mchezo ulieleweka tangu usiku wa kwanza. Kama kuna kipindi kimoja cha aina hii kinachostahili kurudishwa kwenye vituo vyetu, ni hiki, na kirudi na mtangazaji mpya, maswali mapya na kengele ileile.