Kupukutika kwa Seli: Historia ya Kifo Kilichopangwa na Magonjwa ya Binadamu

Kifo cha seli kilichopangwa ni kifo ambacho seli hujiletea yenyewe kwa kutumia protini zake, pale inapokuwa haihitajiki tena au imeharibika kiasi cha kuhatarisha mwili. Seli inayokufa hivyo hunywea, hujitenga na jirani zake, huikatakata DNA yake, kisha humegeka vipande vidogo vilivyofungwa ndani ya utando. Seli za kinga ziitwazo makrofaji huvimeza vipande hivyo kabla ya kilichomo kumwagika. Nekrosisi ni tofauti: seli iliyoungua, iliyokosa damu au iliyotiwa sumu huvimba na kupasuka, na sehemu hiyo ya mwili hupata joto, wekundu na maumivu. Wataalamu wa patholojia waliifahamu nekrosisi kwa muda mrefu. Ile aina nyingine waliiona mara nyingi bila kuitambua.

Mwaka 1842 Carl Vogt, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Neuchâtel nchini Uswisi, aliona kwamba baadhi ya seli za kiluwiluwi wa chura hutoweka ili kuzipisha seli za uti wa mgongo. Mwaka 1885 Walther Flemming wa Kiel alichora, hatua kwa hatua, jinsi kiini cha seli kinavyovunjika katika ovari za mamalia. Michoro hiyo ilisahauliwa. Seli inayokufa kwa mpango humalizika kwa saa chache bila kuacha kovu, hivyo katika kipande cha nyama kilichowekwa chini ya hadubini huonekana chache tu. Isitoshe, wengi waliamini kwamba seli hufa kwa kupatwa na ajali, na kwa hiyo kifo chake hakikuhitaji maelezo mengine.

Walioibadili imani hiyo kwanza ni watafiti wa viinitete. Mwaka 1949 Viktor Hamburger na Rita Levi-Montalcini, wakiwa St. Louis nchini Marekani, walieleza kwamba neva nyingi za kifaranga kilicho ndani ya yai hufa katika ukuaji wa kawaida, na hufa nyingi zaidi zinapokosa kiungo cha kuhudumia. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana protini inayozihifadhi neva, na mwaka 1986 Levi-Montalcini na Stanley Cohen walitunukiwa Tuzo ya Nobel. John Saunders naye alionyesha kwamba seli fulani za bawa la kifaranga zikihamishiwa mapema sehemu nyingine huweza kuokoka, lakini baada ya hatua maalumu hakuna kinachoziokoa. Kwa njia hiyo hiyo utando ulio kati ya vidole vya mtoto tumboni huondoka. Mwaka 1964 Richard Lockshin na Carroll Williams walichunguza misuli ambayo nondo wa hariri huitumia kutoka katika kifukofuko chake. Misuli hiyo hufa mara kazi yake inapokwisha, nao wakasema kifo cha aina hiyo kimepangwa.

Patholojia ilifika hapo kwa njia ya ini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, jijini London, Mwaustralia John Kerr alifunga matawi ya mshipa mkuu unaopeleka damu katika ini la panya. Sehemu iliyopungukiwa damu ilisinyaa polepole, seli moja hapa na nyingine pale zikinywea na kumegeka bila tishu kuvimba. Baadaye, akiwa Brisbane na hadubini ya elektroni, aliona picha ile ile hata katika uvimbe wa saratani. Wakati huo Alastair Currie na mwanafunzi wake Andrew Wyllie, huko Aberdeen nchini Uskoti, walikuwa wakiiona katika tezi za panya zilizokosa homoni. Watatu hao waliandika makala mwaka 1972. Jina walipewa na James Cormack, profesa wa Kigiriki wa chuo chao: apoptosisi, yaani kupukutika kwa majani au maua. Hoja yao ilikuwa kwamba ukubwa wa kiungo hutegemea mizani kati ya seli zinazozaliwa na zinazopukutika, na kwamba mizani ikiharibika ugonjwa huingia.

Kwa zaidi ya miaka kumi hoja hiyo haikuwavutia wengi, kwa kuwa ilitegemea picha peke yake. Ushahidi wa jeni ulitokana na mnyoo wa udongoni aitwaye Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita 1 hivi. Sydney Brenner alimchagua kwa utafiti huko Cambridge, naye John Sulston akafuatilia nasaba ya kila seli yake. Mnyoo huyo huzaliwa na kukua akitengeneza seli 1,090 za mwili, na 131 kati yake hufa, siku zote zile zile. Mwaka 1986 Hilary Ellis na Robert Horvitz walitangaza jeni mbili, ced-3 na ced-4, ambazo zikiharibika seli hizo hazifi. Mwaka 1993 ilibainika kwamba ced-3 ina ndugu katika mwili wa binadamu, nazo ni protini za kukata protini nyingine ziitwazo sasa kaspesi. Brenner, Sulston na Horvitz walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Saratani ndiyo iliyotoa mfano wa kwanza wa ugonjwa wa seli kukataa kufa. Katika limfoma ya folikuli, kipande cha kromosomu ya 18 huhamia ya 14, na jeni iitwayo BCL-2 huanza kufanya kazi bila kukoma. Ilidhaniwa kwamba jeni za saratani huzihimiza seli kugawanyika. Mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams wa Melbourne walionyesha kwamba BCL-2 hufanya jambo jingine: huziweka hai seli ambazo zingepaswa kufa. Mwaka 1992 jeni hiyo ya binadamu ilipandikizwa katika mnyoo, ikaziokoa seli zake. Jeni ya p53, ambayo huiamuru seli yenye DNA iliyoharibika ife, imekutwa na kasoro katika takriban nusu ya saratani za binadamu.

Mfano mwingine unatoka Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika, unaoitwa leo limfoma ya Burkitt. Chini ya hadubini hufanana na anga lenye nyota: seli nyeusi zimesongamana, na katikati yake zimetapakaa makrofaji nyeupe zilizomeza mabaki ya seli zilizopukutika. Jeni ya MYC, iliyohama kutoka kromosomu ya 8, huzisukuma seli kugawanyika kwa kasi kubwa, lakini msukumo huo huo huziua nyingi. Uvimbe hukua kwa sababu seli zinazozaliwa huzizidi zinazokufa. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa katika uvimbe huo mwaka 1964, vina jeni inayofanana na BCL-2.

Kifo kikipungua katika kinga, mwili hujishambulia. Panya wa maabara wenye tezi zilizovimba na dalili zinazofanana na lupasi walikutwa mwaka 1992 na kasoro katika Fas, protini ya juu ya seli inayopokea amri ya kufa. Miaka mitatu baadaye kasoro kama hiyo ilithibitishwa kwa watoto.

Kifo kikizidi, viungo huisha. Katika kiharusi, seli zilizo katikati ya eneo lililokosa damu hufa mara moja kwa nekrosisi, lakini za pembezoni huendelea kufa kwa saa na siku zinazofuata, nyingine kwa kupukutika. Neva hupotea pia katika magonjwa ya Alzheimer na Parkinson, ingawa hakuna dawa ya kuzuia kifo hicho iliyothibitika kuyaponya. Kwa upande wa VVU, utafiti wa San Francisco wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba seli nyingi za kinga za CD4 hufa kwa pairoptosisi, kifo kingine kilichopangwa ambacho hupasua seli na kuwasha uvimbe, na hutokea pale virusi vinapoingia bila kufanikiwa kuzaana. Hivyo kupangwa kwa kifo hakumaanishi utulivu siku zote.

Matibabu ya kwanza yaliyoilenga BCL-2 moja kwa moja yaliidhinishwa Marekani mwezi Aprili 2016. Dawa hiyo, venetoklaksi, hutumiwa katika saratani sugu ya damu ya limfosaiti. Huishika protini ya BCL-2 na kuziachia seli zife. Seli nyingi zikifa kwa mkupuo, kilichomo huingia katika damu na kinaweza kuharibu figo. Kwa hiyo mgonjwa huanza na miligramu 20 kwa siku, na dozi huongezwa kila wiki hadi kufikia miligramu 400 katika wiki ya tano.